Mgeni wa Siku ya Tatu: Lugha, Shule na Zahanati katika Historia ya Familia za Wakimbizi wa Burundi Nchini Tanzania, 1972–2015

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkumbusha mgeni kwamba ukarimu una mpaka. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, methali hii ina upande wa pili ambao husahauliwa. Anayepewa jembe amepewa pia mahali pa kulima. Ametoka katika hali ya kukirimiwa, akaingia katika hali ya kutegemewa. Jembe ni mzigo, lakini pia ni ishara kwamba wenyeji hawamtarajii aondoke kesho.

Mhadhara huu unachunguza namna jembe hilo lilivyotolewa, na baadaye namna lilivyozuiliwa, katika historia ya familia za wakimbizi kutoka Burundi walioingia Tanzania kuanzia mwaka 1972. Ushahidi unaotumika ni wa huduma mbili ambazo kila familia huzihitaji bila kungoja, yaani elimu na afya. Hoja kuu ni kwamba katika huduma hizo lugha haikuwa chombo cha mawasiliano tu. Lugha ya darasani ilikuwa tamko la serikali kuhusu mustakabali wa mtoto. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili alitarajiwa kubaki. Aliyefundishwa kwa Kirundi na Kifaransa alitarajiwa kurudi. Katika vipindi vyote viwili, mzazi hakuwa mtu wa kwanza kuulizwa.

Kwa wanafunzi wa isimujamii, kisa hiki kina umuhimu wa pekee. Si mara nyingi mtafiti hupata watu wa asili moja, wenye lugha moja ya kwanza, waliopokelewa na nchi ileile chini ya sera mbili zinazopingana katika muda wa miaka isiyozidi ishirini na mitano.

2.0 Istilahi: mkimbizi, makazi, kambi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kuyatazama maneno. Nomino *mkimbizi* inatokana na kitenzi *kimbia*, na inafuata utaratibu uleule unaozaa *mlezi* kutokana na *lea* na *mtetezi* kutokana na *tetea*. Kwa hiyo mkimbizi hutajwa kwa kitendo cha kuondoka. Kiswahili kina pia nomino *kimbilio*, inayotaja mahali pa kufikia, lakini hakikumpa mtu jina kutokana na mahali hapo. Kilichohifadhiwa katika jina lake ni mbio, si mapokezi.

Tofauti ya pili ni kati ya *makazi* na *kambi*. Maeneo waliyopelekwa Warundi wa mwaka 1972 yaliitwa makazi ya wakimbizi. Maeneo waliyopelekwa Warundi wa miaka ya 1990 yaliitwa kambi. Neno la kwanza linatokana na *kaa*, na ndani yake mna nyumba, shamba na miaka. Neno la pili lilikwisha kuzoeleka kwa askari, kwa wajenzi wa barabara na kwa vibarua, yaani watu ambao siku moja watafunga virago. Maofisa waliotumia maneno haya huenda hawakukusudia kutunga nadharia yoyote. Hata hivyo, matumizi yao yanaonyesha mabadiliko ya sera kwa usahihi usiopungua ule wa nyaraka za sheria.

3.0 Usuli: kuvuka mpaka kabla ya 1972

Mwendo wa Warundi kuelekea mashariki haukuanza na vita. Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawekwa pamoja na Rwanda chini ya Wabelgiji. Mpaka uliochorwa kati ya Urundi na Tanganyika uliwatenganisha watu ambao lugha zao, Kirundi na Kiha, zinakaribiana kiasi cha wasemaji kuelewana bila mkalimani. Katika enzi ya ukoloni vijana kutoka Urundi na Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakiwa miongoni mwa wale walioitwa *manamba* kwa sababu walitambuliwa kwa namba. Wengine walikwenda Buganda.

Kiswahili nacho kilikuwa kimetangulia. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi Rumonge, na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara na ya jamii za Waislamu. Hata hivyo, wakulima wengi wa milimani hawakuwa na haja nacho. Lugha yao moja iliwatosha nyumbani, sokoni na kanisani. Jambo hili ni muhimu katika kuelewa yaliyofuata, kwa sababu wengi wa waliovuka mpaka mwaka 1972 walikuwa wakulima wa aina hiyo.

4.0 Mwaka 1972 na hasara ya wasomi

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, hasa katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Makadirio ya waliouawa hutofautiana, lakini hutajwa kuwa kati ya watu 100,000 na 200,000, na wengine hutaja idadi kubwa zaidi. Waliolengwa kwa namna ya pekee ni Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi wa sekondari na chuo kikuu, makarani na wauguzi.

Ukweli huu una uzito mkubwa katika mada hii. Jamii iliyokimbia ilikuwa imepoteza kwa makusudi ya wengine watu ambao wangeweza kuanzisha shule na kuendesha zahanati ugenini. Aidha, familia zilibeba kumbukumbu chungu kwamba kalamu ilimponza mwenye kuishika. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katika makazi ya Mishamo na mjini Kigoma mnamo 1985 na 1986 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995, aliikuta kumbukumbu hiyo ikiwa hai. Katika masimulizi ya wakazi wa Mishamo, kuuawa kwa wasomi na kunyimwa elimu vilikuwa nguzo za historia waliyojisimulia kuhusu wao ni nani. Kwa watu wa namna hiyo, shule haikuwa huduma ya kawaida. Ilikuwa kitu walichoporwa.

5.0 Makazi na sera ya jembe

Wakimbizi wa kwanza walipokelewa Kigoma, karibu na mpaka. Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la TCRS lililokuwa chini ya Walutheri, iliamua kuwahamishia ndani ya nchi. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa Tabora mwaka 1972. Katumba, katika wilaya ya Mpanda, ilifuata mwaka 1973. Ulyankulu ilipojaa kupita uwezo wa ardhi na maji yake, maelfu ya watu walihamishiwa Mishamo, pia wilayani Mpanda, mwishoni mwa miaka ya 1970. Huko Mishamo vilianzishwa vijiji 16, na kila familia iligawiwa hekta 5.

Maeneo haya yalikuwa pori la miombo lenye mbung'o, ambalo wenyeji wachache walikuwa wakiishi humo. Familia zilifyeka, zikajenga na kulima. Ulyankulu ilijulikana kwa tumbaku, na makazi yote matatu yalifika mahali pa kuuza chakula nje ya mipaka yao. Kufikia mwaka 1985 makazi hayo yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, misaada ya nje ikapungua, na wakazi wakawa wanalipa kodi kama wanavijiji wengine. Mwaka 1983 Rais Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa kutambua mapokezi hayo.

Hata hivyo, jembe lilitolewa pamoja na uzio. Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya mwaka 1966 iliipa serikali uwezo wa kuamuru wakimbizi waishi wapi. Mkuu wa makazi alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na mkazi aliyetaka kutoka alihitaji kibali. Kwa hiyo mtu aliweza kuishi Tanzania kwa miaka ishirini, akalima, akalipa kodi na kusomesha watoto, na bado safari ya kwenda Tabora mjini ikawa jambo la kuombewa ruhusa.

5.1 Shule ya Kiswahili

Warundi hawa waliingia Tanzania katika wakati wa pekee. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha na kijitabu cha Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967. Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mnamo Novemba 1974 Azimio la Musoma liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotangazwa kufikiwa mwaka 1977. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini ili kuziba pengo.

Shule za makazi ziliingizwa katika mfumo huohuo. Mtoto wa Katumba alisoma mtaala uleule wa mtoto wa Sumbawanga au Newala. Alijifunza kusoma kwa Kiswahili, akahesabu kwa Kiswahili, akaimba wimbo wa taifa ambalo hakuwa raia wake. Kwa upande wa isimu, mtoto huyu alianza na nafuu fulani. Kirundi na Kiswahili ni lugha za Kibantu, zenye ngeli za nomino na upatanisho wa kisarufi unaofanana. Hata jina la mahali alipokwenda kila asubuhi lilikuwa jamaa: Kirundi husema *ishule* na Kiswahili husema *shule*, na yote mawili yanatokana na Kijerumani, kumbukumbu ya dola moja iliyowatawala mababu wa pande zote mbili. Hata hivyo, Kirundi kina toni zinazobadili maana, na Kiswahili hakina. Isitoshe, msamiati wa Kiswahili wenye asili ya Kiarabu, kama vile *damu*, *hesabu* na *adhabu*, ulikuwa mgeni kabisa kwa mtu wa milimani.

Matokeo yake yalikuwa ya aina mbili. Kwanza, kizazi kizima kilipata kusoma na kuandika, jambo ambalo kwa Warundi wengi wa mashambani nyumbani lilikuwa bado gumu. Pili, umbali ulianza ndani ya nyumba. Wazazi walibaki na Kirundi, pamoja na matumaini ya kurudi. Watoto wakapata lugha ambayo Burundi haikuwa nayo darasani. Kwa mzazi aliyeamini kwamba uhamisho ni wa muda, kila daraja alilopanda mtoto katika shule ya Kiswahili lilimsogeza mbali na mlima wa babu yake.

Kikwazo kikubwa kilisubiri baada ya darasa la saba. Katika miaka ya 1980 nafasi za sekondari za serikali nchini Tanzania zilikuwa chache mno, na waliochaguliwa walikuwa chini ya mmoja katika kumi. Kwa mtoto wa Mtanzania, kukosa nafasi kulikuwa bahati mbaya iliyowapata wengi. Kwa familia ya Mishamo, ambayo ilikumbuka kwamba wasomi wake waliuawa kwa ajili ya usomi wao, kukosa kulekule kulisomeka kama mwendelezo wa historia. Tukio moja lilipata maana mbili kutegemea nani aliyelipata. Mwanahistoria anayetazama takwimu pekee hawezi kuiona tofauti hiyo.

5.2 Zahanati na lugha ya maumivu

Sera ya afya ya kipindi hicho nayo ilielekea vijijini. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa, chanjo na kliniki za mama na mtoto zikapanuliwa, na waganga wasaidizi wa vijijini wakafunzwa. Mwaka 1973, mwaka uleule Katumba ilipofunguliwa, kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu kuhusu malaria, kichocho, maji safi na vyoo. Kampeni hiyo ni ushahidi kwamba katika Tanzania ya wakati huo afya, elimu ya watu wazima na Kiswahili vilikuwa mradi mmoja. Asiyekijua Kiswahili alikosa vyote vitatu kwa pamoja.

Katika makazi, zahanati zilianzishwa kwa msaada wa TCRS na baadaye zikawa sehemu ya huduma za wilaya. Hapa tofauti kati ya shule na zahanati hudhihirika. Shule inaweza kumngoja mtoto miezi sita hadi aizoee lugha. Zahanati haiwezi kumngoja mwenye homa. Mgonjwa huja na lugha aliyo nayo, na mhudumu huwa na lugha aliyo nayo, na kati yao lazima ipatikane njia siku hiyohiyo.

Ugumu huo uliongezwa na jiografia. Kigoma, mkunga au mama wa Kiha angeweza kumwelewa Mrundi bila shida. Kwa kuwahamishia wakimbizi Tabora na Mpanda, sera iliwatoa katika eneo la Tanzania ambalo lugha yao ilieleweka, ikawaweka kati ya Wanyamwezi, Wakonongo, Wabende na Wafipa. Sababu za kuwahamisha zilikuwa za usalama wa mpaka na upatikanaji wa ardhi, na zilikuwa na uzito wake. Lakini gharama ya lugha ililipwa na mgonjwa.

Ukaribu wa lugha wenyewe uliweza kupotosha. Katika Kirundi *umuti* ni dawa, ilhali katika Kiswahili *mti* ni mmea, na mmea huo kwa Kirundi huitwa *igiti*. *Inda* kwa Kirundi ni tumbo, neno ambalo msemaji wa kawaida wa Kiswahili halitambui. Damu ni *amaraso*. Kwa upande mwingine, *umuganga* na *mganga* zilikutana bila tatizo, na utata wa neno hilo ukakutana nao pia, kwani Kiswahili humwita mganga yule mwenye koti jeupe katika zahanati na yule mwenye mizizi katika kibanda chake. Mwenye kueleza maumivu hatafuti nomino tu. Hutafuta namna ya kutofautisha maumivu yanayochoma, yanayokata na yanayovuta, na msamiati huo ndio unaochelewa kuliko wote katika kujifunza lugha ya pili.

Katika hali hiyo mtoto wa shule alipata kazi ambayo hakuna mtaala uliomwandaa nayo. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiswahili katika nyumba. Jamii za wahamiaji duniani kote zinalijua jambo hili: binti wa miaka kumi anamtafsiria mama yake kwa mganga mambo ambayo, kwa desturi, mama hasemi mbele ya binti. Kile kinachoachwa bila kusemwa katika mazungumzo ya namna hiyo hakimo katika daftari la zahanati. Kwa sababu hiyo daftari hilo, ingawa ni chanzo muhimu cha historia, ni chanzo chenye ukimya mwingi.

6.0 Wale wa mjini

Si Warundi wote wa mwaka 1972 waliokubali kwenda katika makazi. Wengine walibaki Kigoma mjini na Ujiji. Malkki alionyesha kwamba hawa walifuata njia iliyo kinyume kabisa na ya Mishamo. Hawakutaka kujulikana kama wakimbizi. Walijichanganya, wakaoa na kuolewa na wenyeji, wakajitambulisha kwa namna mbalimbali kulingana na hali, na Kiswahili kikawa vazi lao la kila siku.

Kwa wakazi wa mjini, shule na hospitali zilipatikana kwa kutokuwa mkimbizi. Hawakuwa na mgao wa hekta 5 wala zahanati iliyojengwa kwa ajili yao. Walikuwa na lafudhi, majirani na mazoea. Lafudhi nzuri ilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kitambulisho. Hata hivyo, usalama wa aina hiyo ulikuwa mwembamba, kwani ulihitaji kulindwa kila mtu alipofungua kinywa. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba Kiswahili kilifungua milango miwili tofauti. Katika makazi kilimpa mtoto elimu bila kumwondolea jina la ukimbizi. Mjini kiliwaondolea watu jina hilo bila kuwapa haki yoyote ya maandishi.

7.0 Kambi na elimu ya kurudi

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kuanzia mwaka 1996 Wakongo kutoka Kivu Kusini nao waliingia kwa wingi Kigoma. Tanzania iliyowapokea haikuwa ile ya mwaka 1972. Uchumi ulikuwa umeyumba, masharti ya mikopo yalikuwa yamebana huduma za jamii, na kuanzia mwaka 1993 wananchi wenyewe walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Sheria mpya ya Wakimbizi ilipitishwa mwaka 1998, na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ikafuata mwaka 2003.

Wageni wa awamu hii hawakupewa jembe. Waliwekwa katika kambi kama Lukole wilayani Ngara, Mtabila na Nyarugusu wilayani Kasulu, na Nduta na Mtendeli wilayani Kibondo. Hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi zaidi ya kilomita chache, na chakula chao kilikuwa mgao. Muhimu zaidi kwa mada hii, watoto wao walifundishwa kwa mtaala wa nchi walikotoka. Sera ya mwaka 2003 iliuthibitisha utaratibu huo. Watoto wa Burundi walisoma kwa Kirundi na Kifaransa ndani ya nchi ya Kiswahili.

Haingekuwa haki kuuhukumu uamuzi huu kwa haraka. Kati ya mwaka 2002 na 2009 mamia ya maelfu ya Warundi wa kambini walirudi kwao, na mtoto aliyerudi akiwa na Kifaransa chake aliweza kuendelea na masomo. Wazazi wengi waliotaka kurudi waliuona mtaala wa nyumbani kuwa ulinzi. Lakini ipo familia ya upande wa pili: ile iliyokaa kambini miaka kumi na mitano, ambayo mtoto wake alianza na kumaliza shule ndani ya uzio, akiandaliwa kwa ajili ya nchi asiyoijua na kufungiwa lugha ya nchi aliyozaliwa.

Kisa cha Wakongo wa Nyarugusu kinaudhihirisha ugumu huo zaidi. Wengi wao walitoka Fizi na Uvira, na walikuja wakizungumza Kiswahili cha Kivu. Watoto wao walisikilizana na watoto wa Makere na Kasulu tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, shuleni walirudishwa katika Kifaransa. Hapa lugha ya kawaida kati ya mwenyeji na mgeni ilikuwepo tayari, na sera ikaiweka kando, kwa sababu swali lililoulizwa halikuwa mtoto huyu anajua nini, bali mtoto huyu ataondoka lini.

Kwa upande wa afya hali ilikuwa tofauti. Matibabu kambini yalitolewa bila malipo na mashirika ya kimataifa, na wanavijiji wa jirani, ambao kwao ilibidi wachangie, walikwenda kutibiwa huko. Hivyo mwenyeji akawa mgeni katika zahanati ya mgeni wake. Jambo hilo lilileta manung'uniko, lakini pia lilileta benchi moja la kungojea ambapo Kiha, Kirundi na Kiswahili vilizungumzwa kwa pamoja.

8.0 Kurudi, na kubaki

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilianza mpango wa kumaliza suala la wakimbizi wa mwaka 1972. Takriban watu 218,000 waliandikishwa katika makazi matatu. Karibu wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi Burundi.

Waliorudi waligundua gharama ya shule ya Kiswahili. Watoto waliozaliwa Katumba waliingia katika madarasa ya Kirundi na Kifaransa wakiwa na lugha ambayo haikuwafaa, na baadhi walirudishwa madarasa ya chini waliyokwisha kuyavuka. Wazazi wao waligombea mashamba yaliyokaliwa na wengine tangu mwaka 1972. Hata hivyo, historia ilikuwa ikigeuka. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika kipindi hichohicho Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule zake za msingi. Lugha iliyomfanya mtoto aonekane mgeni ikaanza kuwa somo la wote.

Waliobaki walipata mtihani mwingine. Maombi ya takriban watu 162,000 yalikubaliwa kufikia mwaka 2010, lakini vyeti vya uraia vilifungamanishwa na mpango wa kuyavunja makazi na kuwatawanya wakazi katika mikoa mbalimbali. Kwa miaka minne watu hawa walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi bila kushika mkononi uraia wa Tanzania. Mahali palipotangazwa kufungwa si mahali ambapo mpangaji wa bajeti huongeza darasa au wodi. Hatimaye mpango wa kuwatawanya uliachwa, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vilitolewa. Mwaka uliofuata raia hao wapya walipiga kura katika uchaguzi mkuu.

Wakati huohuo historia ilijirudia mpakani. Mwaka 2015 mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza uliwakimbiza tena Warundi. Makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kilizuka mwezi Mei na kuua watu wapatao 30. Meli kongwe ya *Liemba* iliwachukua hadi Kigoma, na kutoka hapo walipelekwa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli zilizofunguliwa upya. Watoto wao nao waliwekwa katika mtaala wa Burundi.

9.0 Hitimisho

Historia hii haimpi msomaji jibu jepesi kuhusu lugha ipi ni bora kwa mtoto wa mkimbizi. Shule ya Kiswahili ya makazi ilizaa raia, lakini iliwaadhibu waliorudi. Shule ya Kifaransa ya kambi iliwasaidia waliorudi, lakini iliwafungia waliobaki. Kosa halikuwa katika lugha yoyote kati ya hizo. Lilikuwa katika kudhani kwamba mwisho wa safari ya familia unajulikana tangu mwanzo, na kwamba mtoto anapaswa kusomeshwa kwa ajili ya mwisho huo mmoja.

Zahanati inatoa funzo tofauti. Pale ambapo mwili uliugua, sera ya lugha ilisubiri nje, na watu walitumia kila walichokuwa nacho: Kiha cha jirani, Kiswahili cha mtoto, Kirundi cha mkunga, ishara za mkono. Matokeo hayakuwa makamilifu, lakini yalianza na mtu aliyekuwepo mbele ya mhudumu na si na nchi aliyodhaniwa kuwa yake.

Kwa wataalamu wa Kiswahili liko jukumu mahususi. Lugha hii husifiwa, na kwa haki, kuwa imewaunganisha watu wa makabila mengi. Sifa hiyo ni ya kweli zaidi ikitajwa pamoja na watu walioifikia kwa miguu, kupitia porini, bila kuichagua. Masimulizi ya wazee wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ya waliokuwa walimu wa madarasa ya kwanza na ya mabinti waliowatafsiria mama zao, bado yanaweza kukusanywa, ingawa kizazi kilichovuka mpaka mwaka 1972 kinapungua kila mwaka. Mgeni wa siku mbili hukirimiwa na kusahauliwa. Huyu wa siku ya tatu alipewa jembe, akalima kwa zaidi ya miaka arobaini, na akawalea watoto wake kwa lugha ya wenyeji. Historia ya lugha hiyo haiwezi kuandikwa kikamilifu bila yeye.